Mbwa Anapokwama Kuzaa: Usingoje Kupambazuke

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Andika tarehe aliyopandwa, na uweke kwenye simu namba ya afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Aliyeko Nyakato au Igoma, Mwanza mjini, atafikiwa kwa bodaboda hata usiku. Aliyeko visiwani, Ukerewe au Kome, ana maji katikati, na kivuko kina saa zake. Yeye apige simu mapema zaidi.

Siku ya kuzaa mbwa hukataa ugali na dagaa wake, huhema, huchimbachimba uvunguni mwa mawe. Hali hiyo yaweza kuchukua saa 12 au zaidi, na si ugonjwa. Mtandikie magunia safi mahali pakavu pasipopigwa na upepo wa ziwa, kisha fukuza watazamaji. Jike akisumbuliwa, uchungu unaweza kusimama.

Saa uitazame anapoanza kusukuma kwa nguvu. Nusu saa ya kusukuma mfululizo bila mtoto kutoka, ita daktari. Vivyo hivyo zikipita saa mbili tangu mtoto wa mwisho na tumboni bado wamo, au yakitoka majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza: kondo limeanza kuachia, na aliye ndani anakosa hewa. Kijani hicho kikija baada ya mtoto kuzaliwa, usihangaike.

Kutanguliza miguu ya nyuma ni kawaida kwa mbwa. Mtoto akiwa ametoka nusu na amekwama, mshike kwa kitambaa safi na umvute taratibu mama anaposukuma tu, kuelekea chini. Usivute mguu mmoja, wala usiingize mkono ndani. Akitoka, pasua chupa inayomfunika kama mama hakuipasua, mfute pua na mdomo, msugue kwa taulo mpaka alie.

Sindano ya kuongeza uchungu, ile ambayo jirani fulani huwa anajua pa kuipata, usiichome. Mtoto akiwa amelala mkingamo, kizazi kinaweza kupasuka. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu nazo ziache.

Sasa wewe mwenyewe. Vaa glovu; ukizikosa, mifuko safi ya plastiki itafaa. Mkojo na majimaji ya mbwa vyaweza kubeba homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Mama mjamzito asiguse kabisa. Kondo na matandiko machafu vizikwe, visitupwe ziwani ambako watu wanachota maji.

Mbwa mwenye uchungu huuma hata anayemlisha. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyohiyo nenda hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Usipake pilipili wala mafuta ya taa.

Watoto wakae joto: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kipande cha khanga yatosha. Mama akianza kutetemeka, kukakamaa au kuyumba wiki za kunyonyesha, huenda madini ya chokaa yamepungua mwilini mwake. Watenge watoto wasinyonye, umwite daktari saa hiyohiyo.