Kosa la Chupa ya Mchanga: Kufundisha Maji ya Kunywa katika Shule ya Msingi

Kila mwaka wanachuo wetu waendapo mazoezi ya kufundisha, somo la kusafisha maji ndilo walipendalo kuliko mengi katika Sayansi. Sababu yake si ngumu kuiona. Zana zake hupatikana bila fedha: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kokoto, mchanga, mkaa uliopondwa, kipande cha kitambaa na kopo la maji ya tope. Tope huingia juu, maji maangavu hudondoka chini, na darasa zima hushangilia. Mkufunzi aketiye nyuma na fomu yake ya tathmini huandika "zana nzuri, wanafunzi wameshiriki", akatoa alama za juu. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa wakufunzi hao. Katika makala haya twataka kueleza kwa nini tuliacha.

Katika shule moja ya kijijini, mwanachuo wetu alilifundisha somo hilo kwa darasa la tano, akalifunga kwa kuandika ubaoni: "Sasa maji yetu ni safi na salama." Tuliisoma sentensi hiyo tukaipita. Kipindi kilipokwisha, tukiwa chini ya mwembe tukizungumza na mwanachuo, alitujia msichana mmoja, akatuamkia kwa adabu, kisha akamwomba mwalimu wake ruhusa ya kuichukua ile chupa nyumbani. Kwao, alisema, huchota maji bwawani, na mdogo wake huharisha mara kwa mara. Alitaka kumchujia maji ya kunywa. Mwanachuo alifurahi mno, akampa. Nasi tulitabasamu, maana ni mwalimu gani asiyependa kuona somo lake likivuka kizingiti cha darasa? Tulikuwa tumekwisha kupanda basi ndipo ile sentensi ya ubaoni iliporudi akilini mwetu, na ile furaha ikatutoka.

Kosa lenyewe ni hili. Chupa ya mchanga huondoa tope, haiondoi ugonjwa. Bakteria wa kipindupindu au wa homa ya matumbo ana urefu wa kadiri ya sehemu moja au chache za elfu ya milimita, na nafasi zilizo kati ya punje na punje ya mchanga ni pana mara nyingi kuliko yeye. Hupita kama mbuzi apitavyo kwenye lango la zizi. Wasomaji wengine watatukumbusha, na watakuwa na haki, kwamba uko mchujo wa taratibu wa mchanga ambao kweli huzuia vijidudu vingi. Lakini kazi hiyo hufanywa zaidi na utando hai unaojijenga juu ya mchanga kwa muda wa wiki kadhaa, maji yakipita polepole bila kukatika. Chupa iliyojazwa mchanga saa mbili asubuhi haina utando huo saa nne.

Historia nayo yatufundisha kutoyaamini macho. Mwaka 1854 kipindupindu kilipozuka katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Maji hayo watu waliyasifu. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliendelea kuletewa maji ya pampu hiyo kwa kuwa aliyapenda kuliko ya huko aliko, akayanywa, akafa. Kwetu, kipindupindu kilienea sana miaka ya 1977 na 1978, na kilipoanza tena Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilifika katika mikoa mingi ya nchi. Jambo hili, basi, si la kale, wala si la Ulaya.

Maji yatoka wapi?

Twashauri mwalimu asianze na chupa, bali na mto. Wanafunzi wengi wa mjini wakiulizwa maji yatoka wapi hujibu "bombani", na wa kijijini "kisimani", kana kwamba huko ndiko yanakozaliwa. Kwa mfano wa nchi yetu hakuna mto ufaao kama Ruvu. Vijito vyake huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako mvua huzuiliwa na misitu na kuachiliwa kidogo kidogo. Mgeta huingia humo. Ngerengere nao, uliokwisha kupita mjini Morogoro, huingia humo. Kisha mto hushuka kupitia mkoa wa Pwani hadi bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Njiani hukutana na mashamba ya milimani yanayomomonyoka, ng'ombe wanywao, watu waogao na wafuao. Mwanafunzi akiuchora mto huo ubaoni na kutia alama kila mahali panapoingia uchafu, atakuwa amekwisha kujibu nusu ya somo kabla hatujamwonyesha kifaa chochote.

Kabla ya bahari, maji ya Ruvu huvutwa na mitambo miwili mikubwa inayolisha jiji la Dar es Salaam na sehemu za Pwani: Ruvu Juu, iliyo Mlandizi, na Ruvu Chini, iliyo upande wa Bagamoyo. Baada ya kupanuliwa, Ruvu Chini ilipata uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196.

Yafanyikayo mitamboni ndiyo kiini cha somo, nasi hatuna budi kuyaeleza polepole. Kwanza nyavu za chuma huzuia magogo na majani. Kisha hutiwa dawa ya kugandisha, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shabu au jamii yake. Chembe za udongo mtoni zina chaji hasi, hivyo husukumana zenyewe kwa zenyewe na kuelea siku nyingi bila kutuama. Shabu huiondoa nguvu hiyo ya kusukumana. Chembe zikashikamana, zikawa mabonge, mabonge yakawa mazito, yakazama. Ndipo maji hupita mchangani, na mwisho kabisa hutiwa klorini.

Kwa nini klorini iwe mwisho? Swali hili tulimwuliza mwanachuo wetu, naye akajibu kwamba ndivyo kitabu kilivyoandika. Sababu ni kwamba klorini haichagui. Ikikuta tope na majani yaliyooza itajitumia huko, na vijidudu vilivyojificha ndani ya mabonge ya udongo vitabaki hai. Kuchuja, basi, si kusalimisha maji. Ni kuyaandaa ili dawa iweze kuyasalimisha. Mwalimu akilishika neno hilo moja hatakosea tena ubaoni. Na klorini kidogo hubakizwa makusudi ndani ya maji yaendayo mabombani, kwa kuwa bomba hupasuka, na msukumo wa maji ukishuka, maji machafu ya nje huweza kuvutwa ndani. Ile harufu hafifu wanayoilalamikia watu wa mjini ni mlinzi aliyesindikiza maji hadi mlangoni.

Shabu hupatikana sokoni, na ni zana bora kuliko chupa. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye maji ya tope. Katika mmoja tia shabu kidogo iliyosagwa, koroga upesi kwa dakika moja, kisha taratibu kwa dakika tano, uache vyote vitulie hadi mwisho wa kipindi. Palipo na mlonge, mbegu zake zilizokauka, zikimenywa na kusagwa, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Wanawake wa Sudani wakaao kando ya Nile wameyasafisha hivyo maji ya mafuriko tangu zamani. Ila hapo napo ni tope tu liondokalo kwa hakika.

Nyumbani

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini uliokusudia kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Mwaka huo ulifika, lengo halikufika, na kaya nyingi zingali zikijifanyia wenyewe kazi ya mtambo wa Ruvu kwa sufuria na ndoo.

Juu ya kuchemsha tuna nongwa ndogo. Vitabu vya zamani viliagiza dakika kumi, vingine ishirini. Mama anayenunua mkaa kwa kopo akisikia hivyo, haachi dakika tano. Huacha kuchemsha kabisa. Leo yajulikana kwamba maji yakichemka kwa mapovu makubwa kwa dakika moja, vijidudu viletavyo magonjwa vimekwisha kufa. Katika milima iliyo juu ya mita 2000 iwe dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mwalimu afundishe hivyo bila kuona haya. Asiyekuwa na kuni atumie dawa ya klorini iuzwayo madukani kwa kipimo kilichoandikwa, angoje dakika thelathini. Au ajaze maji maangavu katika chupa nyeupe za plastiki, azilaze juani saa sita, na siku za mawingu siku mbili. Hizi nazo hushindwa na tope, hivyo mchujo wa kitambaa au wa chupa yetu hupata hapo kazi yake ya haki.

Walimu wa Arusha na maeneo yazungukayo mlima Meru wanalo jambo la ziada. Huko yako maji maangavu, yasiyo na kijidudu hata kimoja, yenye floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Hudoa meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi sana hupinda mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, hupunguza maji na kuiacha floridi palepale. Huko hutumika mkaa wa mifupa kuinasa.

Kesho yake tulirudi kijijini kwa basi la kwanza. Yule msichana alikuwa amekwisha kuchuja sufuria nzima jioni ile, na mdogo wake alikunywa. Mama yake alitupokea vizuri, akatushukuru kwa chombo tulichompa mwanawe. Hakuna shukrani iliyopata kutulemea kama ile. Tulimweleza kwamba tulichofundisha kilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa jikoni kwake. Mtoto hakuzidiwa, hiyo ilikuwa bahati yetu, si ufundi wetu.

Mwanachuo alilirudia somo siku hiyo hiyo. Alianza kwa kukoroga chumvi katika maji yaliyochemshwa na kupoa, akayapitisha katika kitambaa safi kilichochemshwa, akawaonjesha wanafunzi. Maji yalikuwa maangavu, na chumvi ilikuwamo. Mfano huo una kasoro, kwa kuwa chumvi huyeyuka na vijidudu haviyeyuki, naye aliwaambia hivyo. Lakini wanafunzi walikubali kwamba macho hayaoni kila kilichomo. Kisha aliweka mezani vyombo vitatu: maji ya bwawa, maji yaliyochujwa, na maji yaliyochujwa kisha yakachemshwa. Akauliza ni kipi wangempa mtoto mchanga. Cha kwanza walikikataa kwa sauti moja. Katika viwili vilivyobaki darasa liligawanyika, maana vilifanana kabisa.

Ndipo yule msichana akasimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa yanafanana, mdogo wangu atajuaje?"

Swali hilo halikuwamo katika andalio la somo. Mwanachuo alilirudisha kwa darasa, na baada ya kubishana kidogo mvulana mmoja alisema kwamba chombo cha maji yaliyochemshwa kifungwe kamba shingoni, kiwe na kifuniko, na kata yake isichotee kwingine. Hayo ndiyo yaliyoandikwa ubaoni mahali pa sentensi ya jana.