SOMO: UKUSANYAJI WA MABAKI YA NAILONI

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo, nailoni haijatoweka Miyuji: viriba vya miche na mifuko ya ndani ya kuhifadhia nafaka ingali ikitumika. Ikitupwa ovyo hupeperushwa na upepo wa kiangazi, na ng'ombe akiila huweza kumziba tumbo akafa.

Nailoni ni nyepesi mno. Ya kaya moja hailipi gharama ya usafiri. Basi, kama tukusanyavyo mazao ghalani, chama kiikusanye mpaka ipatikane shehena ya kuuza.

Yazingatiwe haya:

1. Kwa kuwa maji ni adimu, ikung'utwe udongo ikiwa kavu, kisha isuuzwe na kuanikwa.

2. Isichanganywe na viroba vilivyofumwa. Nailoni huyeyuka karibu nyuzi 110 za Sentigredi, viroba karibu 160. Mchanganyiko huo hutoa plastiki duni.

3. Vifungashio vya viuatilifu visipokelewe kamwe pamoja nayo.

Katibu apime kila mzigo na kuuandika daftarini, ili kila mwanachama apate haki yake.