Matumaini si Tabia ya Kuzaliwa

Mara nyingi twasikia watu wakisema juu ya jirani yao: "Yule ni mtu wa furaha, Mungu kamwumba hivyo." Maneno hayo yana ukweli kidogo. Wako waliozaliwa wachangamfu, na wako waliozaliwa wazito wa moyo, wala hakuna dhambi katika hilo. Lakini Katekisimu haikutufundisha kwamba matumaini ni tabia ya kuzaliwa. Ilitufundisha kwamba ni fadhila, ya pili kati ya zile tatu za Kimungu, tuliyotiwa na Mungu siku ya Ubatizo. Na fadhila haikui pasipo utashi wa mwenye nayo. Basi Mkristo mwenye kuona mabaya tu kila aendako hawezi kujitetea akisema, "Mimi ndivyo nilivyo."

Yafaa tuseme mapema ni jambo gani hatulisemi. Siku hizi wako wanenaji wengi, na baadhi yao hushika hata Biblia mkononi, wafundishao kwamba mtu akiwaza mema, mema yatamjia: fedha, afya na cheo. Hayo si matumaini ya Kikristo. Ni biashara, na mara nyingi anayefaidika ni mnenaji mwenyewe. Mama aliyezika mtoto wake hatumwambii asilie. Bwana wetu alilia penye kaburi la Lazaro, hali alijua atakalolitenda punde.

Mfano wa jambo tunalolisema twauona katika maisha ya Askofu mmoja wa Vietnam, François-Xavier Nguyen Van Thuan. Alizaliwa Hue mwaka 1928, akapata Upadre mwaka 1953, na mwaka 1967 akawekwa kuwa Askofu wa Nha Trang. Mwezi wa Aprili 1975 Papa Paulo VI alimteua kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Saigon. Siku chache baadaye mji ule ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Wakomunisti, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa Mbinguni, akakamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13, na 9 kati ya hiyo aliwekwa peke yake. Hakuna mahakama iliyomhukumu.

Tangu mwanzo alikata shauri asiikae miaka yake akingoja kufunguliwa, bali aitumie kila siku jinsi ilivyomjia. Siku zile za kwanza alipokuwa angali chini ya ulinzi kijijini, alimwomba mtoto wa miaka saba amwambie mama yake amnunulie kalenda za zamani. Usiku aliandika nyuma ya karatasi zile mafundisho mafupi kwa waamini wake. Mtoto akayachukua kwao kwa siri, na ndugu zake wakayanakili. Ndivyo kilivyopatikana kitabu chake juu ya njia ya matumaini, chenye mawazo 1001.

Msomaji atadhani kwamba mtu wa namna hiyo hakujua kuvunjika moyo. Sivyo. Baadaye alitiwa katika chumba cha giza chenye unyevu na joto, hata akalala chini apate kuvuta pumzi kwenye kitundu cha ukutani. Hapo roho yake iliteswa na jambo kubwa kuliko joto. Alikuwa katika umri wa kufanya kazi, mwenye nguvu na maarifa, na kazi zote alizozianzisha kwa ajili ya Mungu zilikuwa zikiharibika: seminari, shule, malezi ya walei. Aliuliza sababu, usiku baada ya usiku. Ndipo usiku mmoja alipotambua moyoni kwamba amechanganya vitu viwili. Mungu ni mmoja, na kazi za Mungu ni kitu kingine. Kazi zile zilikuwa njema, lakini si Mungu. Na Mungu akitaka kuzikabidhi kwa wengine, aweza. Yeye alimchagua Mungu, na Mungu hakuachwa nje ya mlango wa gereza. Tangu hapo, alisema mwenyewe, alipata amani mpya.

Twaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katekista aliyefundisha miaka 20 kigangoni, akiona vijana wake wakiliacha Kanisa mmoja mmoja, hujiuliza swali lilelile. Mkulima ambaye mvua imemtupa, mzazi ambaye mtoto amempotea katika ulevi, hao nao hulijua. Kama tumeweka matumaini yetu katika mavuno ya kazi, basi mavuno yakikosekana tutakuwa tumekosa yote. Wala haina maana kwamba kazi iachwe. Askofu huyu aliomba kwao divai, akiita dawa ya tumbo, nao wakampelekea kichupa chenye jina hilo, na hostia zilizofichwa ndani ya kurunzi. Akaadhimisha Misa kwa matone matatu ya divai na moja la maji katika kiganja cha mkono. Kambini, wafungwa Wakatoliki walipeana Ekaristi usiku katika vifuko vilivyotengenezwa kwa karatasi za pakiti za sigara. Hiyo ndiyo iliyokuwa parokia yake.

Na walinzi wake? Mwanzoni wakubwa waliwabadilisha kila baada ya muda, wakiogopa asije akawaambukiza. Kisha wakaacha kuwabadilisha, kwani waliona atawaambukiza wote. Aliwafundisha lugha za kigeni, akawasimulia habari za nchi alizozitembelea.

Aliachiliwa tarehe 21 Novemba 1988. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo II alimfanya Kardinali, naye akafariki Roma mwaka uliofuata; mwaka 2017 Papa Fransisko alithibitisha ushujaa wa fadhila zake. Alipokuwa kifungoni, mlinzi mmoja alimruhusu kukata kipande cha mti chenye umbo la msalaba, naye akakificha ndani ya sabuni. Mwingine alimpa waya wa umeme na koleo, wakasaidiana kutengeneza mkufu. Msalaba ule aliendelea kuuvaa kifuani hata alipokuwa Kardinali.