Kilebu Anapougua

Hapa kwetu Kongowea kilebu akianza kutapika utasikia, "Ana minyoo tu huyo, atapoa." Kweli, minyoo huwasumbua sana. Lakini kilebu wa jirani yetu alitapika asubuhi, jioni akahara damu yenye uvundo, na siku ya tatu akafa. Aghalabu huo ndio mwendo wa parvo, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1978.

Kilebu akikataa chakula, akalegea na kutapika, ivute kidogo ngozi ya shingoni kisha uiachilie. Isiporudi upesi, maji yamempungukia mwilini. Huyo si wa kungojwa hadi kesho! Daktari wa mifugo humtia maji kwa mshipa, maana ukavu huo huua haraka. Panadol za watu usimpe jamani, zaweza kumharibu ini.

Parvo ya mbwa haimpati mtu. Kichaa cha mbwa ndicho cha kuogopwa. Kilebu anayedondokwa na ute na kushindwa kumeza, usimtie mkono kinywani eti unatafuta mfupa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku iyo hiyo.

Tena virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi. Jirani yetu akitaka kilebu mwingine, amchanje kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, arudie kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, ndipo amwachilie katika ua ule.