Kipimo cha Projesteroni: Damu Itolewe Siku Gani?

Wapo akina mama wanaorudi kutoka maabara wakilia, wameambiwa yai halitoki. Sisi tunauliza kwanza: damu ilitolewa siku gani? Homoni ya projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, na hufikia kilele kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, mwenye mzunguko wa siku 28 hupimwa siku ya 21. Mwenye siku 35, siku ya 28. Huyu akipimwa siku ya 21, huenda yai ndiyo kwanza linatoka, na majibu yatakuwa chini bure. Mama aandike tarehe zake kwenye kalenda, amwonyeshe daktari. Baba naye akapimwe mbegu (wengi hukwepa!), wakati lawama zote amebebeshwa mke.