Uzazi wa Mbwa na Kinga ya Kichaa: Somo kwa Wafugaji wa Kata ya Matambarale

Mbwa anayelinda shamba la mahindi au mbaazi dhidi ya nguruwe pori na ngedere ni msaidizi mkubwa wa kaya. Hata hivyo, uzazi wake mara nyingi huachwa ujiendeshe wenyewe. Jike hupandwa na dume yeyote apitaye, huzaa kichakani au chini ya ghala, na watoto hugawiwa majirani kabla ya kupata chanjo. Somo hili linaeleza hatua za uzazi wa mbwa na sababu zinazoufanya kuwa jambo la kata nzima, wakiwemo wakazi wasiofuga mbwa kabisa.

Uzazi na afya ya jamii

Kichaa cha mbwa hakina tiba ya uhakika. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Shirika hilo linaelekeza kuwa mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe ili mnyororo wa maambukizi ukatike.

Kiwango hicho hushuka haraka kwa sababu ya vifo na uzazi. Tuchukue mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambapo 75 wamechanjwa. Ndani ya mwaka mmoja mbwa 20 kati ya waliochanjwa wanakufa, na nafasi zao zinachukuliwa na watoto 20 waliozaliwa baada ya kampeni. Idadi ya mbwa imebaki 100, lakini waliochanjwa sasa ni 55 tu. Hakuna mfugaji aliyekataa chanjo, na bado kinga ya kijiji imepungua.

Mkoa wa Lindi una historia katika mapambano haya. Kuanzia mwaka 2010, wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za mikoa ya Lindi na Mtwara, zilihusishwa katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Ufuatiliaji wa kitaalamu katika mikoa hiyo miwili ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama walioshukiwa kuugua walikuwa mbweha. Hata hivyo, ulionesha pia kuwa kuchanja mbwa ndiyo njia ya kudhibiti ugonjwa, hata pale mbweha wanapohusika. Kwa mbwa wanaolala mashambani, pembezoni mwa misitu, funzo hilo ni la moja kwa moja.

Kutambua joto

Jike huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12, ingawa wenye maumbo makubwa huweza kuchelewa zaidi. Baada ya hapo, wengi huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka.

Dalili za kwanza ni kuvimba kwa uke na kutokwa na damu. Katika kipindi hiki, ambacho kwa kawaida huchukua siku 9 hivi, madume humfuata lakini yeye huwafukuza. Kisha ute huanza kufifia rangi, naye husimama, huelekeza mkia pembeni na kumkubali dume. Kipindi hicho cha pili nacho huchukua takriban siku 9. Kwa hiyo, mfugaji asiyetaka jike wake apandwe anapaswa kumfungia kwa wiki tatu hadi nne tangu damu ya kwanza ionekane. Kumfungulia mara tu damu inapokoma ni kosa, kwa kuwa huo ndio wakati anaoweza kushika mimba.

Kumpandisha

Haifai kumpandisha jike katika joto lake la kwanza, kwa kuwa mwili wake bado unakua. Dume achaguliwe kwa afya na tabia yake, na asiwe baba, ndugu wala mtoto wa jike huyo. Wote wawili wawe wamechanjwa na kupewa dawa ya minyoo. Mbwa mwenye uvimbe au anayetokwa na damu sehemu za siri bila kuwa kwenye joto asipandishwe, kwa sababu upo uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana miongoni mwa mbwa. Ugonjwa huo hutibika ukiwahiwa na mtaalamu.

Wakati wa kupandana, mbwa hushikamana kwa dakika kadhaa, pengine hata nusu saa. Hali hiyo ni ya kawaida. Kuwapiga, kuwamwagia maji au kuwavuta huwaumiza wote wawili.

Mimba na kuzaa

Mimba huchukua takriban siku 63, hivyo ni vyema mfugaji aandike tarehe ya kupandwa. Kuanzia wiki ya tano au ya sita chakula kiongezwe taratibu, na maji safi yawepo muda wote. Mahali pa kuzalia pawe pakavu, penye kivuli na mbali na pilikapilika za watu.

Mtaalamu wa mifugo aitwe haraka ikiwa jike anasukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, ikiwa zimepita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto mmoja na mwingine huku wengine wakiwa bado tumboni, au ikiwa ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza.

Watoto wanyonye maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, ndani ya saa 24, kwa kuwa ndiyo yanayowapa kinga ya awali. Wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe kunyonya. Baadhi ya minyoo ya mbwa huweza kuwadhuru watoto wa binadamu wanaocheza kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi.

Pengo la wiki ya nane

Watoto wa mbwa hugawiwa wakiwa na wiki nane hivi, ilhali chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa wafikapo miezi mitatu. Hapo ndipo wengi wanapopotea katika hesabu: mwenye jike hudhani mwenye mtoto atamchanja, naye mwenye mtoto hudhani amekwishachanjwa.

Njia ya kuziba pengo hili ni rahisi. Anayegawa aandike kila mtoto amekwenda kwa nani na katika kitongoji gani, kisha ampatie Afisa Mifugo orodha hiyo. Anayepokea aulizie tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya chanjo. Kampeni ya chanjo inapofika kijijini, watoto wote wapelekwe, hata walio chini ya miezi mitatu, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Kisha chanjo irudiwe kwa wakati utakaoelekezwa na mtaalamu.

Mfugaji asiyehitaji watoto zaidi aombe ushauri kuhusu kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike. Vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu visitumike kwa mbwa, kwani dawa za homoni zikitumiwa kiholela huweza kusababisha usaha katika mfuko wa uzazi na kumuua jike.

Mbwa akiuma

Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe bila kuchelewa katika zahanati au kituo cha afya, hata kama jeraha ni dogo au mbwa aliyemuuma ni mtoto. Tukio liripotiwe pia kwa Afisa Mifugo.

Kazi ya mfugaji haimaliziki watoto wanapoachishwa kunyonya. Humalizika pale kila mtoto wa uzao huo, popote alipopelekwa, anapokuwa amechanjwa. Kwa ushauri zaidi, wananchi wawaone maafisa mifugo wa kata zao.