Old Nichol: Usafi wa Mtaa na Haki ya Maskini katika London ya Karne ya 19

Tunapojifunza Mafundisho Jamii ya Kanisa, kwa kawaida tunaanza na waraka Rerum Novarum wa Baba Mtakatifu Leo XIII, uliotolewa tarehe 15 Mei 1891. Tumezoea kuusoma kama waraka wa viwanda na mishahara, na ndivyo ulivyo. Lakini mfanyakazi anayezungumziwa humo alikuwa na mahali pa kulala, na tukitaka kumwelewa inafaa tumfuate jioni hadi nyumbani kwake. Katika somo hili tunakwenda mtaa mmoja tu: Old Nichol, katika wilaya ya Bethnal Green, mashariki ya London, miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria.

Watu wapatao 5,700 waliishi hapo katika eneo la ekari 15 hivi. Nyumba nyingi zilijengwa kwa haraka na kwa chokaa ya bei rahisi iliyotokana na mabaki ya viwanda vya sabuni. Chokaa hiyo haikukauka vizuri hata baada ya miaka mingi, kwa hiyo kuta zilikuwa na unyevu daima. Vyumba vya chini vilikuwa chini ya usawa wa barabara. Familia nzima ilikaa chumba kimoja, na chumba hichohicho kilikuwa karakana: mama na watoto wakibandika viboksi vya kiberiti, baba akiunda viti. Uani palikuwa na choo cha kushirikiana na bomba moja la maji. Maji yenyewe yaliuzwa na kampuni binafsi na kwa miaka mingi yalifunguliwa saa chache tu kwa siku. Basi watu waliyahifadhi kwenye mapipa wazi, mara nyingine hatua chache kutoka chooni. Aliyewahi kuishi kwa maji ya mgao hahitaji maelezo zaidi.

Matokeo yake yalionekana kwenye vitabu vya vifo. Kila mwaka walikufa watu takriban 40 kwa kila 1,000, karibu mara mbili ya wastani wa wilaya nzima ya Bethnal Green. Kati ya watoto wanne waliozaliwa, mmoja hivi hakufikisha mwaka. Waliuawa na kifua kikuu, surua, kifaduro, dondakoo na kuhara.

Hapa ndipo msomaji hukimbilia kusema kwamba watu wa zamani hawakujua. Walijua. Daktari John Snow alikwisha kuonyesha mwaka 1854, katika mtaa wa Soho, kwamba kipindupindu husafiri kwa maji machafu. Baada ya kiangazi cha 1858, mto Thames uliponuka hadi wabunge wakashindwa kuvumilia, mhandisi Joseph Bazalgette alipewa fedha za kujenga mabomba makubwa ya majitaka chini ya jiji. Kipindupindu kilirudi mwaka 1866 na kuua maelfu, hasa upande wa mashariki, ambako kazi hiyo ilikuwa haijakamilika na kampuni ya maji ilikuwa imewapelekea watu maji machafu. Baada ya hapo hakikuvamia London tena kwa kiwango kile. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Sheria nazo zilikuwepo: ile ya 1868 na ile ya 1875 ziliruhusu nyumba zisizofaa kufungwa au kubomolewa. Mhandisi, daktari na mwanasheria walikwisha kufanya sehemu yao, na Old Nichol iliendelea kuzika watoto.

Sababu tunaipata katika Tume ya Kifalme ya Makazi ya Wafanyakazi, iliyoundwa mwaka 1884 chini ya uenyekiti wa Sir Charles Dilke. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Henry Edward Manning, Kardinali na Askofu Mkuu wa Westminster. Katika orodha ya wajumbe jina lake liliwekwa mara baada ya lile la Edward, mwana wa Malkia, mbele hata ya Lord Salisbury. Kwa Wakatoliki wa Uingereza, ambao hadi mwaka 1829 hawakuruhusiwa kuketi bungeni, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Manning hakwenda kutafuta kiti cha heshima. Sehemu kubwa ya kundi lake walikuwa Waairishi maskini wa vyumba vya aina hiyohiyo, na alikwisha kuahirisha ujenzi wa kanisa kuu la jimbo ili watoto wao wapate shule kwanza.

Tume ilikuta mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kodi ya pango. Ushahidi uliotolewa mbele yake ulionyesha kwamba asilimia 88 ya maskini waliohesabiwa walilipa zaidi ya sehemu moja ya tano ya kipato chao kwa ajili ya chumba, na asilimia 46 walilipa kati ya robo na nusu. Mtu wa namna hiyo hahami kwa sababu ukuta una unyevu. Atahamia wapi? La pili ni la usimamizi. Sheria za afya zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya parokia, na tusichanganyikiwe na jina: haya yalikuwa mabaraza ya kiserikali ya mtaa, yaliyotokana na parokia za Kianglikana za zamani. Katika mabaraza hayo waliketi wenye nyumba na madalali wa vyumba, yaani watu walewale ambao bwana afya alipaswa kuwashtaki. Na mabwana afya wenyewe walikuwa wachache mno. Huko Mile End, jirani na Bethnal Green, alikuwepo mmoja kwa watu 105,000.

Kwa hiyo uchafu wa Old Nichol haukutokana na uvivu wa wakazi wake, ingawa magazeti mengi yalipenda kusema hivyo. Choo kibovu kilikuwa faida ya mtu fulani. Kila pauni isiyotumika kukarabati ilibaki mfukoni mwake, na yeye aliishi mbali na harufu. Wanakanisa nao hawakuwa safi: tume ya Kanisa la Kianglikana iliyosimamia mali zake ilimiliki nyumba duni huko Southwark, na ilipofika mwaka 1884 ilimwomba Octavia Hill azisimamie kwa utu zaidi. Sisi tunaojiandaa kusimamia mali za parokia tusipite haraka juu ya jambo hili.

Kuhusu wahudumu waliokaa karibu na watu, tumtazame padre Arthur Osborne Jay wa Kanisa la Kianglikana, aliyefika Old Nichol mwishoni mwa mwaka 1886. Alijenga kanisa, mahali pa kulala wasio na makazi, na klabu ambamo vijana walipigana ngumi. Alipiga kelele mtaa ubomolewe. Alifanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia. Hata hivyo, kufikia mwaka 1896 alikuwa akiandika kwamba baadhi ya watu walizaliwa wakiwa wahalifu na kwamba inafaa wafungiwe maisha ili wasizae. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote kwa mtumishi wa maskini: kuchoka, kisha kuuita uchovu wake sayansi. Unyevu wa ukuta unahamishiwa kwenye damu ya mtu, na mwenye nyumba anasahaulika.

Bomoabomoa ilikuja. Baraza jipya la jiji la London, lililoanza kazi mwaka 1889, liliamua kuuondoa mtaa mzima kwa kutumia sheria ya makazi ya 1890. Mahali pake palijengwa Boundary Estate, majengo imara ya matofali yenye vyumba vyenye mwanga, barabara pana zilizopandwa miti, na jengo la kufulia nguo. Mwana wa Malkia aliyafungua rasmi mwaka 1900. Manning hakuyaona, alifariki Januari 1892. Majengo hayo yapo hadi leo na watu wanaishi humo.

Waliohamishwa walikuwa 5,719. Kati yao, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, waliopata nyumba katika majengo mapya ni 11. Nyumba za zamani zilivunjwa kabla mpya hazijawa tayari, kodi ilikuwa juu, na kazi za mikono za chumbani hazikukaribishwa. Walioingia ni makarani, polisi na mafundi wenye mshahara wa uhakika. Wale wengine walikwenda na virago vyao mitaa ya jirani, wakabanana katika vyumba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Kifusi cha nyumba zao kilirundikwa katikati ya mtaa mpya kikawa kilima kidogo, na juu yake pakajengwa banda la bendi ya muziki.